Lami Ndani ya Kasha

Kikohozi kilikuwa chake, hilo hata mwenyewe hakulibishia. Kilichomsumbua ni kwamba alikohoa baada ya kuachia kitufe cha redio.

Alikuwa peke yake kwenye karakana ya machimbo ya mawe, asubuhi, jua limejaa mlangoni na mashine ya kusaga kokoto inanguruma huko nje kama kila siku. Mezani pake palikuwa na kasha la chuma la redio kuukuu ya upepo, ambalo alilitoboa na kulikatakata wiki nzima ili liwe ripita, mtambo wa kurusha sauti mbali. Kiredio kimoja kilikuwa mkononi, kingine juu ya rafu. Akabonyeza kitufe.

"Jaribio, jaribio. Mnanipata?"

Sauti yake ikatoka rafuni, safi. Akaachia kitufe, ukafuata mkia wake: ksss, halafu tk. Mkia huo haukumshtua. Kila ripita inao: mtu akimaliza kusema, mtambo hubaki wazi kidogo, unahema, kisha unajifunga. Akatabasamu, vumbi la chuma likamkaba. Akakohoa mara mbili na kumalizia na kile kimluzi cha kifua alichozaliwa nacho.

Kisha kiredio cha rafuni kikakohoa. Mara mbili, na kimluzi. Ksss. Tk.

"Haa! Wewe," akakiambia, mkono kiunoni. "Hata sijakupandisha kilimani umeshaanza kunisengenya?"

Akasema labda kitufe kimenasa. Akakipuliza, akakipangusa, akaendelea na kazi. Ndivyo binadamu tulivyo, mtu anaona moshi na bado anasema ni ukungu tu, utapita.

Watu wa machimboni walimwita Mama Waya, ingawa hakuwa na mtoto. Mtoto wake alikuwa mdogo wake. Wazazi walipofariki, yule mdogo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, na dada ndiye aliyemwogesha, akamfunga tai ya shule, akamchapa alipotoroka. Sasa alikuwa pande la mtu, anaendesha eskaveta huko chini shimoni, wenzake wanamwita Kijiko. Dada alimfuata machimboni na mkoba wake wa vyuma kwa sababu hakuwa na raha akiwa mbali naye. Hilo hakumwambia mtu, lakini kila mtu alilijua.

Na machimbo yale yalikuwa na shida moja. Kati ya shimo na ofisi palisimama jabali kubwa waliloliita Pua. Sauti ya redio ikitoka shimoni hugonga Pua ikafia hapohapo. Sheria ya kulipua mawe ilikuwa fupi: mtu wa mwisho kutoka shimoni, yaani dereva wa eskaveta, ndiye anayetamka "shimo jeupe" kwa kinywa chake mwenyewe, na Baruti, yule fundi wa kulipua, hawashi utambi mpaka alisikie neno hilo. Mwaka uliotangulia sauti ilikatikakatika, Baruti akadhani amelisikia, na dereva mwingine, rafiki wa Kijiko, akatolewa shimoni ndani ya turubai, vipandevipande. Tangu siku hiyo Mama Waya aliapa kwamba mdogo wake hatafia nyuma ya Pua. Alitaka ripita juu ya kilima, mtambo wa kupokea sauti dhaifu upande mmoja na kuirusha kwa nguvu upande wa pili.

Msimamizi hakuwa na mtambo mpya. Alikuwa na kasha, lililolala stoo chini ya magunia.

"La redio ya zamani hilo," alimwambia. "La marehemu mume wa shangazi yako. Ukiliweza, chukua."

Kasha lilikuwa chuma kizito, na hicho ndicho Mama Waya alichokitaka. Ndani ya ripita sikio la kupokea na mdomo wa kurusha hukaa nyumba moja, na pasipo ukuta wa chuma kati yao mdomo hulipigia sikio kelele mpaka likaziba. Lakini alipolifungua alishangaa. Matundu yote ya zamani yalizibwa kwa bati na kupigwa ribiti, na ndani kote, kuta na kifuniko, palipakwa lami nyeusi, nene, yenye chembe za chumvi ya mawe zinazometameta.

"Watu wa zamani na hofu yao ya mvua," akasema.

Mafundi wa redio wana amri moja wasiyoijadili: chuma kiguse chuma. Rangi, kutu, uchafu, chochote kilicho kati ya kifuniko na kasha, kinakwanguliwa, la sivyo mawimbi yatavuja. Basi akakwangua. Alikwangua kwa tindo, akafuta kwa petroli, akasugua kwa msasa mpaka kasha likang'aa ndani kama sufuria mpya. Lami ikitoka ilinuka nywele zilizoungua. Maganda yote akayamwaga jalalani, akatoboa tundu la sikio, akatoboa tundu la mdomo, akajipongeza.

Kumuuliza shangazi yake hakukumjia akilini. Walikuwa hawaongei. Shangazi alikuwa mpunga pepo na majini, mwanamke wa maneno makali na kicheko kikubwa, na siku moja mbele za watu Mama Waya alimwita muuza moshi.

*

Siku za kwanza, ilipopandishwa kilimani, ripita ilisifiwa. Kijiko alikuwa shimoni anamtania dada yake aliyeko ofisini: "Dada, leo umepika nini, nasikia harufu hadi huku!" Na dada anacheka, moyo umetulia kama ambavyo haujatulia mwaka mzima.

Kisha ikaja asubuhi ya kulipua. Mashimo ya baruti yalishajazwa, simu zimekusanywa ofisini kama sheria ilivyo, na wanaume walikuwa wanakunywa chai karibu na mashine ya kokoto, viredio vimening'inia viunoni. Dereva mmoja wa lori alikuwa na mkate mdomoni, mashavu yamejaa. Viredio vyote vikafunguka kwa pamoja, na sauti ya dereva huyohuyo ikaanza kumtukana mvunja mawe aliyekaa mbele yake. Ilimtukana mama yake, ambaye alizikwa mwezi uliopita. Ilieleza alivyooshwa, alivyovalishwa, na jambo ambalo sauti ile ilidai kumfanyia kabla hajafunikwa.

Dereva akatoa macho, mkate bado umejaa mdomoni. Alitikisa kichwa, akanyoosha mikono. Kila mtu aliona kwamba hasemi. Lakini mvunja mawe alikuwa ameshanyanyua nyundo.

Pigo la kwanza lilihamisha taya. Meno yakaangukia kwenye kikombe cha chai. La pili likapasua sikio, na dereva alipolala mavumbini yule mtu akampandia kifuani akaendelea, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni. Wanaume wanne walimvuta hawakumweza. Mmoja alipomkaba shingo alimng'ata mkono akatoka na nyama. Walimpata tu alipochoka. Na viredio, ambavyo hakuna aliyevigusa, vikaanza kurudia mlio wa nyundo kwenye mfupa, ko, ko, ko, ksss, tk, na tena ko, ko, ko, kwa uvumilivu, kama mtoto aliyejifunza wimbo mpya.

Mama Waya alisimama na beseni la maji mikononi. Hewa ilinuka nywele zilizoungua. Akakumbuka kile kikohozi, akaliacha beseni.

Alikimbilia ofisini, akachukua simu yake kutoka kwenye sanduku, akampigia Shangazi. Hakusalimu vizuri.

"Shangazi, nisamehe. Kasha la redio la mume wako…"

"Limefanyaje?" Sauti ya Shangazi ilishuka papo hapo.

"Lilikuwa na lami ndani."

"Niliipaka mimi. Limefanyaje, mwanangu?"

"Nimeikwangua."

Shangazi akauliza polepole, "Yote?"

"Yote. Nikatoboa na matundu mawili."

"Ee Mungu wangu. Nilimfungia jini mle pasipo tundu hata la sindano. Sikiliza. Yule hana sauti wala sura ya kwake, anaiga. Anaanza na sauti. Akishaizoea sauti ya mtu, anaichukua na sura yake, na huyo mwenyewe humwacha afe, maana hawezi kuwa naye duniani wakiwa wawili. Mume wangu alinigeuzia shoka kwa sababu alinisikia redioni nikimcheka, na mimi nilikuwa nimelala. Sauti ya nani anaitumia zaidi?"

Mama Waya aliwaza nani huongea redioni kuliko wote, kutwa, akitania na kuulizia chakula.

"Zima mtambo," Shangazi alisema. "Nakuja na lami. Na usimjibu akikuita. Umenisikia? Hata akikuita kwa sauti ya marehemu mama yako."

Msimamizi alikuwa na damu hadi viwikoni, anamfunga dereva taya kwa shati. Mama Waya alimshika bega. "Simamisha ulipuaji. Nakuomba. Kijiko yuko chini."

"Mashimo yameshajazwa, Mama Waya. Baruti haiachwi kulala ardhini. Fundi atalisubiri neno la Kijiko, si ndiyo sheria? Mtambo si wako mwenyewe?"

Naam, mtambo ulikuwa wake. Baruti alikuwa ng'ambo ya shimo, mbali kwa miguu, na kilima kilikuwa karibu. Akaamua nyoka huuliwa kichwani. Akabeba nyundo na koleo, akakimbia.

*

Alipofika juu kasha lilikuwa limetoka jasho. Matone meusi yalichuruzika kwenye matundu yote mawili, na chuma chenyewe kilitetemeka kwa taratibu, kama ubavu wa mnyama anayehema. Aling'oa nyaya za betri. Taa ikazimika. Akavuta pumzi ya nafuu, na kasha, bila betri, bila waya hata mmoja wa umeme, likasema kwa sauti ya Mama Waya mwenyewe: "Jaribio, jaribio. Mnanipata?" Likakohoa mara mbili.

Alilipiga nyundo. Kona ya chuma ikamchana kiganja, akalipiga tena, na waya wa antena ukajifyatua kutoka kwenye nguzo ukamzunguka kifundo cha mkono, ukapanda, ukampiga shingoni na kukaza, na yeye akaukata kwa koleo huku macho yanaingia giza, akauma meno, akapiga teke, akashika kasha kwa mikono miwili na ngozi ya viganja ikabaki imeganda juu ya chuma kwa moto, na hapo, puani pakiwa na ile harufu ya nywele, akasikia sauti ambayo angeitambua hata ndani ya kaburi, na kule kuvuta kamasi kidogo kabla ya kusema ambako alimkataza tangu akiwa darasa la kwanza.

"Baruti, Baruti, huyu Kijiko. Shimo jeupe. Nimetoka. Piga."

Ksss. Tk.

Akatazama chini. Eskaveta ya manjano ilikuwa bado katikati ya shimo, mkono wake unapanda na kushuka, na ndani ya kioo kichwa cha mdogo wake kinatikisika kwa wimbo fulani.

Alipiga kelele. Aliita jina lake la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine aliyelijua, alilitapika kwa nguvu zote za kifua chake, na kasha likaipokea kelele ile kwa tundu moja na kuitoa kwa la pili ikiwa imegeuka sauti ya Kijiko, yenye furaha: "Piga, ndugu yangu, piga!" Na ng'ambo kule kijitu kidogo kikainama, kikawasha, kikakimbia.

Ardhi iliruka. Kwanza ukuta wa shimo ukavimba, kisha Pua yenyewe, lile jabali waliloliona siku zote, ikapasuka kuanzia kwenye mzizi, ikainama, ikaangukia shimoni nzimanzima. Upepo wa mlipuko ukamtupa Mama Waya chali. Kokoto zikanyesha. Alipoinua kichwa hakuona eskaveta wala shimo, aliona vumbi tu.

Shangazi alimkuta ameketi, amelikumbatia kasha. Yule mama mnene alipanda kilima kile anakoroma kwa pumzi, kopo la lami ya moto mkono mmoja, mfuko wa chumvi mwingine. Hakuuliza. Alimnyang'anya kasha, akalimiminia lami sikioni na mdomoni, akalisiliba kote kwa mikono mitupu, akatamka yale anayoyajua yeye mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mtetemo ukakoma.

"Nimechelewa, mwanangu," akasema, machozi yanamtoka. "Nimechelewa."

Ndipo chini kule watu wakaanza kupiga vigelegele.

Katikati ya vumbi alikuwa anatembea mtu. Pande la mtu, mikono imelegea, anakuja polepole kama anayetoka kisimani. Wanaume walimkimbilia wakamnyanyua juu, Baruti akaanguka magotini na kujipiga kifua, Msimamizi akalia hadharani. Kijiko! Alikuwa Kijiko, mzima, hana hata mkwaruzo.

*

Walimweka kwenye chumba cha huduma ya kwanza, kando ya ofisi. Dada aliwafukuza wote. Viganja vyake vimefungwa kitambaa, alimfuta mdogo wake uso, alimfuta masikio, alimbusu kichwani akalia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima.

"Niliruka nje kabla," Kijiko alisema. "Usilie, dada. Niko hapa."

Alimaliza kusema na mdomo wake ukabaki wazi kidogo. Mama Waya alimwekea chai mbele, sukari nyingi kama anavyopenda. Chai ikakaa.

Nje ya dirisha Shangazi alikuwa anasaidiana na Baruti kulipakia kasha kwenye toroli. Akasikika anauliza, "Mbona jepesi hivi?" Kisha tena, kwa sauti nyembamba ambayo Mama Waya hakuwahi kuisikia kwake: "Baruti. Chombo kikiwa na jini ndani hakiwi chepesi hivi. Yuko wapi Mama Waya? Mpwa wangu yuko chumba gani?"

Na kiredio kilichokuwa mezani, kando ya kikombe, kikafunguka.

"Dada."

Sauti ilikuwa ndogo, imejaa mchanga.

"Dada, niko chini. Mguu umebanwa, sioni kitu. Dada, hewa inaisha. Kuna mtu ananipata?"

Halafu ikakatika, ghafla, kavu, bila mkia wowote.

Mama Waya alibaki na kitambaa hewani. Alisema moyoni kwamba ni uongo, ni lile jini, kwa sababu sauti haitoki shimoni ikafika ofisini bila ripita, na ripita imezibwa. Hili alilijua kuliko mtu yeyote duniani, ndilo lililomfanya alikwangue kasha. Kisha macho yake yakaenda dirishani yenyewe, kule ambako siku zote lilisimama jabali, na pale palikuwa na anga tupu. Pua haikuwepo. Kati ya shimo na meza hii hapakuwa na kitu chochote cha kuzuia sauti.

Vumbi likamkaba. Akakohoa, mara mbili, na kimluzi.

Ng'ambo ya meza mdogo wake alimtazama kwa upendo, akakohoa, mara mbili, na kimluzi. Mdomo ukabaki wazi. Ndani ya koo lile ikasikika, taratibu kabisa: ksss. Tk.

Mlango ulikuwa nyuma yake huyo. Mama Waya alisikia miguu ya Shangazi inakimbia ukumbini, akamsikia anaita jina lake, na pale mezani ile sauti ndogo ikarudi, "Dada, jibu basi," naye akajua kwamba asipojibu sasa huyu wa chini atakata tamaa na kufa gizani, na watu wa nje hawatachimba, maana Kijiko wao wameshambeba mabegani. Akakinyakua kiredio kwa kiganja kilichochunika. Akabonyeza mpaka damu ikapenya kitambaa.

"Nakupata, mdogo wangu," alisema. "Nakuja. Usilale."

Yule aliyekaa mbele ya chai aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko alivyokuwa alipoketi. Akasukuma komeo la mlango kwa kidole, Shangazi akaanza kuubamiza kwa ngumi kutoka upande wa pili, na yeye akamgeukia Mama Waya na uso wa mtoto aliyemlea, akamwambia kwa sauti ya Mama Waya mwenyewe:

"Nakupata, mdogo wangu. Nakuja. Usilale."

Ksss.